Madini Yaliyonipungua

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Geita mjini, kando ya barabara ambayo bodaboda hazikomi kupita, na wateja wangu wengi ni walimu, akina mama wanaopika chakula machimboni na wake wa wachimbaji. Nashona sare za kwaya, magauni ya sendoff na vitenge vya msiba. Mwaka ninaotaka kuusimulia kazi zilinijia kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo mwili wangu ulipoanza kunigomea.

Ulianza na jicho. Jicho la kushoto lilicheza asubuhi, likacheza mchana, likaendelea hivyo wiki nzima. Wateja walinitania. Mmoja alisema nitapata mgeni, mwingine akasema nitalia, mwingine akasema nitashika hela. Kisha ikaja miguu. Nikikanyaga pedali ya cherehani kwa muda, misuli ya nyuma ya mguu inakaza ghafla kama kamba iliyovutwa, nami nainuka naruka kwa mguu mmoja huku nimeuma kanga. Baadaye midomo ikaanza kufa ganzi kwa pembeni, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Siku moja nilikuwa nakata kitenge cha mteja, mwenyewe amekaa mbele yangu kwenye stuli, tunaongea habari za watoto. Mkono ukafunga. Kidole gumba kiliingia ndani ya kiganja, vingine vinne vikanyooka na kubanana, na mkasi ukabaki umenaswa humo humo. Nilijaribu kufungua, mkono haukutii. Yule mama alinitazama usoni, akatazama mkono, kisha akasimama akanifungua vidole kimoja kimoja. Mkasi ulipoanguka alikusanya kitenge chake, akasema amekumbuka ana safari, atakileta siku nyingine. Hakukileta.

Lakini kilichonisumbua kuliko vyote ilikuwa hofu. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye haijamkuta. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu, mlango wazi, watoto wanacheza uani, na moyo unanidunda kama niliyesikia habari ya kifo. Wakati mwingine moyo uliruka pigo moja, ukanyamaza, kisha ukapiga kwa nguvu kifuani mpaka nashika shati. Niliogopa simu kuita. Niliogopa breki za pikipiki. Usingizi ulikuwa unakatika katika, na kwa kuwa sikulala vizuri, niliwagombeza watoto kwa kitu kidogo kama kijiko, halafu nikaingia chumbani nikalia kwa sababu nimewagombeza.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo jibu lilikuwa rahisi: ni msiba. Majirani walisema hivyo, mume wangu alisema hivyo, nami nikasema hivyo. Ni wifi yangu peke yake aliyekataa.

"Huzuni hailemazi vidole, wifi," aliniambia. "Hapo kuna kitu."

Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Anauza mchele sokoni na ni mtu wa kanisa kwa moyo wake wote. Mume wangu anaendesha mtambo mgodini kwa zamu, na zikija zamu za usiku tunapishana mlangoni tu, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa ananiona zaidi.

Si kwamba sikwenda kutibiwa. Nilikwenda kwenye zahanati kadhaa. Nilipima malaria, nikapima typhoid, nikapima presha. Nilichomwa sindano za vitamini. Mhudumu mmoja aliniambia nina wasiwasi mwingi, nipumzike na nipunguze mawazo. Nilikasirika nikiwa njiani kurudi, ingawa leo naona hakukosea. Wasiwasi nilikuwa nao kweli. Ila hakuuliza umetoka wapi, na mimi sikujua kwamba swali hilo linaweza kuulizwa.

Wifi akanipeleka kwenye maombi. Sikumpinga, maana hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kuna mtu amenifanyia jambo. Ilikuwa mchana, kanisa limejaa, spika ziko juu. Nilipiga magoti nikaanza kuomba kwa nguvu kama wenzangu, napumua haraka haraka, na kadiri nilivyopumua ndivyo ganzi ilivyopanda kutoka vidoleni mpaka mabegani. Mikono yote miwili ikajikunja vilevile kama siku ya mkasi. Mdomo ukakaza. Akina mama walionizunguka wakapaza sauti: "Toka! Toka!" Wifi alinishika mgongoni analia.

Mchungaji aliwafanyia ishara wanyamaze. Akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia, mchungaji." Maneno yalitoka kwa shida kwa sababu ya mdomo.

"Unajua uko wapi?"

"Niko kanisani. Umenikanyagia kanga."

Akautoa mguu wake. Kisha akamgeukia wifi. "Tutaendelea kumwombea. Lakini huyu mpelekeni hospitali kubwa. Akili yake iko hapa, mwili ndio unaopata shida."

Wifi hakufurahi. Njiani alisema mchungaji ni kijana bado. Nami nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza, na mume wangu alikuwa kwenye zamu, kwa hiyo hospitali ikasogezwa mbele, kisha ikasogezwa tena.

Kitambaa cha zile sare kilipungua, na rangi ile ilikuwa inapatikana Kahama tu, kwenye duka ninalonunua siku zote. Mume wangu hakutaka nisafiri peke yangu. Wifi akasema atanisindikiza, atazame na bei ya mchele huko huko.

Mwenye duka lile ni mama wa makamo, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa na kukulia Kahama. Kiswahili chake kina lafudhi ya huku kuliko changu, na mteja akiingia asubuhi anamsalimia kwa Kisukuma. Nilipoingia alisema, "Mwangaluka, fundi wangu," kisha akaweka rula yake chini na kunikagua usoni. Nilitaka kuitikia lakini midomo ilikuwa inacheza yenyewe.

"Shikamoo mama," nilisema hatimaye.

"Marahaba. Kaa chini, mwanangu. Usinunue kitu kwanza."

Nilikaa juu ya robota la kitambaa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, unasita, unakwenda mbio tena. Alinishika kifundo cha mkono kama mtu aliyezoea, akatulia akisikiliza kwa vidole.

"Marehemu mume wangu alikuwa na moyo unaopiga hivi," alimwambia wifi. "Huyu asirudi Geita leo. Twende hospitali, gari liko hapo nyuma."

Wifi akasema labda nipate maji kwanza, nipumzike, huwa inapita. Yule mama alikuwa ameshaanza kushusha mlango wa duka, wateja wawili wakiwa bado ndani. Aliwaomba radhi, akawatoa, akafunga.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anaongea polepole. Aliagiza kipimo cha moyo, akachukua damu, kisha akavuta kiti akakaa. Hakuna aliyewahi kuvuta kiti. Aliniuliza nakula nini, nalala vipi, naharisha, nakunywa pombe, nina mimba, nina ndugu mwenye kifafa. Mwisho akauliza natumia dawa gani.

"Hakuna, dokta."

Wifi akadakia. "Na vile vya tumbo unavyomeza kila asubuhi?"

Nilikuwa nimevisahau, na si kwamba nilivificha. Baba aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na katika miaka ile ya kwenda na kurudi kumuuguza, nikila leo na kesho kupitiliza, nilipata kiungulia kikali. Mwanzoni nilikuwa natafuna vile vidonge vyeupe vya chokaa ambavyo watu huku wanaviita magnesi. Baadaye muuzaji wa duka la dawa akanipa vikali zaidi, vya kuzuia asidi isitengenezwe tumboni. Vilinifaa sana. Nikaendelea kuvinunua, na kumeza kimoja kabla ya chai kukawa kama kunawa uso. Sikuviita tena dawa.

Daktari aliomba kuviona. Nilikuwa navyo kwenye pochi. Aliusoma mkanda wa vidonge pande zote mbili, kisha akaniuliza, "Tangu lini?" Nilipomjibu, alishusha pumzi.

"Nataka nijaribu kitu kimoja," alisema. "Usiogope."

Alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, na badala ya kukilegeza akakiacha kimebana. Tukasubiri. Wifi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mwenye duka alikaa pembeni na tasbihi yake. Baada ya muda mfupi nilihisi ganzi, na mbele ya macho yetu sote mkono ukaanza kujikunja taratibu, kidole gumba ndani, vingine vimenyooka, vilevile.

"Ndiyo hiyo," wifi alinong'ona. "Dokta, ndivyo alivyofanya kanisani."

Daktari akafungua upepo, na mkono ukaanza kulegea. "Nimepunguza tu damu inayofika mkononi," alisema. "Sikusema neno lolote, sikumfanyia lolote zaidi. Misuli yake iko tayari kukaza muda wote, inangoja kisingizio kidogo. Nadhani amepungukiwa na madini."

"Madini?" Wifi alishangaa kabisa. "Dokta, sisi tunatoka Geita."

Daktari alicheka mpaka akafunika mdomo, nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha akatueleza. Haya si ya kuchimba. Yamo kwenye chakula, kwenye mboga za majani, kwenye nafaka isiyokobolewa, kwenye karanga na maharage, na yanaitwa magnesiamu. Mwili unayahitaji kidogo lakini kila siku. Msuli ukishakaza unatakiwa ulegee, na mshipa wa fahamu ukishapeleka habari unatakiwa utulie. Magnesiamu ni moja ya vitu vinavyosaidia kulegea huko na kutulia huko, katika mkono, katika moyo, hata katika ubongo. Ikipungua sana inavuta na kalsiamu na potasiamu zishuke nayo. Zile dawa za tumbo ni nzuri kwa anayezihitaji, kwa muda alioambiwa. Zikitumika miaka mingi bila mtu wa kufuatilia, baadhi ya watu utumbo wao unashindwa kufyonza magnesiamu ya kutosha.

Kipimo chenyewe cha magnesiamu hakikuwepo pale, damu ilibidi ipelekwe Mwanza. Lakini kalsiamu na potasiamu zilipimwa na zote zilikuwa chini, na karatasi ya moyo haikumpendeza. Akasema hatasubiri. Alitoka akaenda wodi ya wazazi na kurudi na chupa ndogo za dawa. Wanawapa wajawazito wanaopatwa na kifafa cha mimba, alisema. Ni magnesiamu hiyo hiyo.

Ilipoanza kuingia kwenye dripu nilihisi joto likipanda kifuani na shingoni, kama mtu aliyeinamia chungu cha uji. Nesi alikuja mara kwa mara akanigonga goti kwa kinyundo kuona kama mguu unaruka, akahesabu pumzi zangu, akaniuliza kama nimekojoa, maana dawa hiyo ikizidi nayo ina hatari yake. Mwenye duka aliaga alipoona nimetulia. Alisema kitambaa changu atakiweka, nisihangaike. Wifi alibaki. Alikaa kwenye kona ya kitanda ameshika mkono wangu, ule uliojikunja, anaukunjua na kuukunja polepole kama anayechunguza kitu alichonunua.

Nililala. Nakumbuka niliamka jua limeshachomoza, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba sikuwa nasikia moyo wangu. Ulikuwa unafanya kazi yake huko ndani bila kunishirikisha. Niliogopa kujitikisa nisije nikauamsha.

Mume wangu alifika mchana huo huo kutoka Geita, na vumbi la safari kwenye nyusi. Majibu ya Mwanza yalikuja tukiwa bado wodini: magnesiamu yangu ilikuwa chini sana. Tulipokuwa tunajiandaa kuruhusiwa nilimuuliza daktari jambo lililokuwa linanikera.

"Dokta, kwa hiyo ile hofu haikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli kabisa," alisema. "Mwili wako ulikuwa unapiga kengele kila saa. Ungeachaje kuogopa? Kitu ambacho hakikuwepo ni hatari uliyokuwa unaitafuta nje." Kisha akaongeza: "Lakini sikuahidi kwamba magnesiamu itaondoa kila kitu. Tutaona kinachobaki."

Kuacha vile vidonge hakukuwa rahisi. Tumbo liliwaka wiki za kwanza kana kwamba linalipiza kisasi. Daktari alinipa dawa ya aina nyingine ya kunivusha siku hizo, na vidonge vya magnesiamu vya kumeza, na amri ya kula kwa wakati na kurudi kupimwa damu. Mama yangu, anayekaa kijijini upande wa Shinyanga, alipopata habari alituma mzigo kwa basi: karanga, mbegu za maboga zilizokaangwa, unga wa mtama, na gunia la nsansa, yale majani ya kunde tunayoyapika na kuyakausha. Nilivikuta vyakula vya utotoni kwangu vimerudi mezani kama dawa. Mjini tulikuwa tumezoea sembe nyeupe, mkate na soda. Mume wangu alivumilia ugali wa dona kwa siku chache, kisha akauliza kwa upole kama na yeye amepungukiwa na madini.

Jicho liliacha kucheza. Miguu ikatulia. Hofu ilitoka taratibu zaidi, kama mgeni anayeaga halafu anakaa tena, lakini ilitoka. Nami nikawa na jibu la kila ugonjwa. Mteja akisema haoni usingizi, namwambia magnesiamu. Akisema mtoto wake hasikii darasani, magnesiamu. Wifi alinishinda: sokoni kwake alikuwa anatoa somo juu ya gunia la mchele. Mpaka jirani mmoja, ambaye figo zake zilikuwa na matatizo, akaja kuniuliza anunue vidonge gani. Kwa bahati nilimpigia simu daktari kwanza. Alinikataza kwa ukali ambao sikuutarajia kwake. Mtu mwenye figo mbovu hawezi kuitoa ikizidi, alisema, na mtu asiyepungukiwa hataponywa na kuongezewa. Tangu siku hiyo nikiulizwa nasema: nenda ukapime, na uwaambie dawa zote unazotumia, hata zile ulizosahau.

Kilichobaki nilikigundua kijijini. Nilikwenda kumsalimia mama wakati wa kupukuchua karanga. Tulikaa kwenye mkeka uani, tunamenya, tunaongea habari za mvua na za ng'ombe wa jirani. Katikati ya maneno hayo mama akasema, "Baba yako angekwambia karanga hizi ni ndogo." Ndivyo alivyokuwa. Hakuna mavuno yaliyomridhisha. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati yake, na nikalia kwa muda mrefu kichwa kikiwa begani kwa mama.

Nilipokuwa nalia nilijichunguza, kwa mazoea. Moyo ulikuwa unapiga sawasawa. Vidole vilikuwa vimelegea, vimeshika ganda la karanga. Hapakuwa na kengele yoyote. Nilikuwa tu ninamlilia baba yangu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kwa sababu mwaka mzima nafasi ya kilio hicho ilikuwa imekaliwa na ule mtetemeko. Kila mtu alisema nina msiba na wote walikuwa sahihi, ila msiba wenyewe ulikuwa haujaanza.

"Lia, ng'wanawane," mama alisema, yaani mwanangu, na akaendelea kumenya.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Inanidhalilisha kidogo kujua kwamba chembe za madini ambazo siwezi kuziona zinaweza kunifanya niwachukie watoto wangu, nimwogope jirani, niamini nimerogwa. Ningependa kuamini kwamba moyo wangu ni wangu. Lakini pia inanipunguzia mzigo. Nikimwona mtu amebadilika, amekuwa mkali au mwoga bila sababu, siharakishi tena kusema ndivyo alivyo.

Mume wangu naye alilifikiria kwa njia yake. Jioni moja, tukiwa tumekaa uani baada ya mimi kumfokea kwa kuacha viatu vya mgodini sebuleni, aliniuliza kwa tahadhari:

"Sasa mama watoto, ukinikasirikia, nitajuaje kama ni wewe au ni damu?"

"Utaniuliza," nilimwambia.

Siku hizi ananiuliza kweli, na mara nyingi namjibu kwamba ni mimi.